SPIKA TUPU NA KOMPYUTA YA NYUMBANI: NGUVU ITATOKA WAPI?



Hapa Kampala spika kubwa za mbao zilizotumika huuzwa kila siku, kwa mafundi wa redio wa Katwe na pembezoni mwa masoko. Nyingine zilitolewa katika redio za kaseti za miaka ya 1980 na 1990 ambazo mashine zake zilikufa zamani. Nyingine zimetoka katika vibanda vya video vilivyofungwa, na nyingine zimeshuka kutoka katika makontena ya ng'ambo. Bei yake huwa nafuu kuliko spika mpya, na mbao zake mara nyingi ni bora kuliko plastiki ya siku hizi. Mfanyakazi ambaye amekwisha kujinunulia kompyuta iliyotumika, kwa masomo ya watoto au kwa sinema ya jioni, akiziona spika hizo hudhani kwamba kazi imekwisha. Atanunua waya, atachomeka, atasikia.

Hatasikia. Au atasikia sauti ndogo kama ya nzi ndani ya chupa. Baada ya hapo wengine humlaumu muuzaji, wengine hununua spika nyingine iliyo kubwa zaidi, ambayo nayo hailii, na wengine humwita jirani anayejiita fundi, akafunga waya kwa kubahatisha mpaka kompyuta yenyewe ikaungua. Makala hii inaeleza kwa nini spika hizo hazilii zikichomekwa moja kwa moja, na jinsi ya kuzifanya zilie bila ya mshahara wa mwezi kuishia katika moshi.

KARATASI YA AMRI HAIZUNGUSHI GURUDUMU

Spika ni kitu cha zamani na ni rahisi kueleweka. Ndani yake mna sumaku nzito, na katika nafasi ya sumaku hiyo mna koili ndogo ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye koni ya karatasi. Umeme ukipita katika koili, koili husukumwa mbele au huvutwa nyuma, nayo koni huenda pamoja nayo na kusukuma hewa. Hewa hiyo ikifika sikioni ndiyo sauti. Wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na mpaka leo mpango wake haujabadilika sana. Fungua spika ya mwaka 1985 na ya mwaka jana, utakuta sumaku, koili na koni.

Tazama sasa ni kitu gani ambacho hakimo. Hamna mashine ya kuongeza nguvu. Spika ya namna hii tutaiita spika tupu. Haina waya wa kwenda ukutani, haina taa, haina kitufe cha kuwashia. Nyuma yake mna vishikio viwili tu vya waya, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Spika zile ndogo za kompyuta zinazouzwa madukani zikiwa na plagi ya umeme au waya wa USB si spika tupu: ndani ya mojawapo mmefichwa amplifaya, na ndiyo sababu zenyewe hulia mara zinapochomekwa.

Wenzetu wa viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi watalielewa jambo hili upesi. Msimamizi anaweza kuandika karatasi ya amri kwamba mashine za kukamua miwa zianze kazi, lakini karatasi hiyo haizungushi hata gurudumu moja. Magurudumu huzungushwa na nguvu ya boila, inayochoma makapi ya miwa. Kompyuta huandika karatasi. Spika ni gurudumu. Asipokuwapo mtu wa boila katikati, karatasi itafika kwenye gurudumu na gurudumu litaitazama tu.

Tuweke hesabu yake wazi. Tundu la sauti la kompyuta, lile dogo la milimita 3.5 ambalo kwa kawaida huwa la rangi ya kijani, hutoa umeme wa kiasi cha volti 1 ukifungulia sauti mpaka mwisho. Volti 1 ikiingia katika spika ya omu 8 ni wati 0.125, yaani sehemu moja ya nane ya wati, endapo kompyuta ingeweza kuutoa mkondo unaohitajika. Lakini haiwezi. Tundu hilo lilipangwa kwa ajili ya hedifoni, zenye omu 16, 32 au zaidi na zinazohitaji nguvu kidogo sana, au kwa ajili ya kupeleka habari kwenye mashine nyingine ambayo haitumii karibu mkondo wowote. Likifungwa kwenye spika ya omu 8 au 4 hushindwa, sauti hupungua na kukwaruza, na kijidude kinachotoa sauti ndani ya kompyuta hufanya kazi kama punda aliyefungiwa mkokoteni wa ng'ombe.

MBONA ZAMANI ILIWEZEKANA?

Wako mafundi wazee watakaokuambia kwamba wao waliwahi kuchomeka spika tupu nyuma ya kompyuta na zikalia vizuri. Hawasemi uongo. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilianza kuuza kadi ya sauti iitwayo Sound Blaster, na kadi hiyo ilikuwa na amplifaya ndogo juu yake, ya wati chache kila upande, pamoja na gurudumu la kuongezea sauti lililotokeza nyuma ya kompyuta. Spika tupu ndogo zililia kwa kadi hiyo bila msaada mwingine. Miaka ya 1990 ilipokuwa inakwisha, watengenezaji walihamisha kazi ya sauti kutoka katika kadi na kuiweka kwenye ubao mkuu wa kompyuta ili kupunguza gharama, na amplifaya ile ikaachwa. Kompyuta nyingi zilizokuja kwetu zikiwa zimetumika ni za baada ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo maneno ya mzee ni ya kweli kwa kompyuta ya wakati wake, lakini hayakufai kwa hiyo uliyo nayo mezani.

ANGALIA NYUMA YA MEZA YA KIBANDA

Asiyeamini kwamba amplifaya ni lazima na aende katika kibanda chochote cha video kilichobaki mitaani. Vibanda hivyo vimewafundisha Waganda wengi mambo ya spika kuliko shule yoyote, maana humo VJ hukaa na maikrofoni akitafsiri sinema kwa Kiganda huku risasi zinalia na watu wanacheka, na sauti zote mbili lazima zisikike hadi benchi la mwisho. Mtazamaji huona televisheni na spika mbili kubwa. Ukichungulia nyuma ya meza utaona kitu cha tatu: boksi zito la chuma, lenye joto, ambalo waya za spika zote huingia humo. Mashine ya sinema, iwe ya DVD au kompyuta, haigusani na spika hata kidogo.

Na mtu asidharau vyombo vilivyotumika. Kule Wakaliga, hapa hapa Kampala, Ndugu Isaac Nabwana amejulikana duniani kwa sinema alizozitengeneza kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutokana na vipande vya kompyuta nyingine. Sinema yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ambayo VJ Emmie anasikika akiitangaza kama mpira wa miguu, imetazamwa katika nchi nyingi na watu ambao hawajawahi kufika Uganda. Vipande vya zamani hufanya kazi ikiwa anayeviunga anajua kila kimoja kinahitaji nini.

AMPLIFAYA IPI?

Ziko njia tatu ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuzimudu.

Ya kwanza ni amplifaya ya nyumbani iliyotumika, au redio kubwa ya kaseti ambayo kaseti yake imekufa lakini bado ina matundu ya kuingizia sauti nyuma. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Nunua waya wenye plagi ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na plagi mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Plagi ndogo iingie tundu la kijani la kompyuta, na hizo mbili ziingie mahali palipoandikwa AUX, au CD, au TAPE IN. Usizitie palipoandikwa PHONO. Mahali hapo ni pa santuri, ambayo umeme wake ni mdogo mno. Kompyuta ikiingia hapo sauti itapasuka kama bati linaloburutwa.

Ya pili ni redio ya gari, nami naipendelea kuliko nyingine kwa watu wanaoishi mahali ambapo umeme hukatika. Soko la Kisekka limejulikana kwa miaka mingi kwa vipuri vya magari, na redio za magari ya Kijapani zilizotolewa hazikosekani mjini. Chagua yenye tundu la AUX usoni. Redio ya gari hutumia volti 12, kwa hiyo betri ile ile ya sola inayowasha taa usiku inaweza kuiendesha. Waya zake huwa na rangi zinazofuata desturi moja katika redio nyingi, lakini usianze kabla ya kusoma karatasi iliyobandikwa juu ya redio, kwa kuwa wako wanaobadilisha. Kwa desturi hiyo, waya wa njano ni volti 12 za kudumu, mwekundu ni wa funguo ya gari, na mweusi ni wa kurudisha. Nyumbani hakuna funguo ya gari. Mwekundu na njano huunganishwa pamoja kwenye chanya ya betri, na swichi huwekwa katikati ili redio isiendelee kunywa betri usiku. Mweupe na mweupe wenye mstari mweusi ni spika ya kushoto ya mbele, kijivu na kijivu wenye mstari ni ya kulia ya mbele. Zilizobaki, kijani na zambarau pamoja na za mistari yake, ni za spika za nyuma. Kama huzitumii, funga kila ncha peke yake kwa utepe wa umeme.

Mambo mawili hapa hayasamehi. Usigeuze chanya na hasi ya betri hata kwa sekunde moja. Tena usiunganishe waya hasi za spika mbili pamoja, wala usizifunge kwenye bodi ya chuma ya redio. Katika redio nyingi za gari waya zote mbili za kila spika zina umeme wa amplifaya, hakuna ulio kimya. Mtu akizikutanisha kwa kudhani kwamba hasi zote ni moja, redio hufa hapo hapo. Weka na fyuzi ya ampea 10 karibu na kichwa cha betri. Betri ya gari au ya sola ina uwezo wa kutoa mkondo wa kuyeyusha waya na kuwasha godoro, na haijali kwamba ni ya volti 12 tu.

Ya tatu ni vile vibao vidogo vya amplifaya vya siku hizi, vingine havizidi ukubwa wa kiganja. Vidogo kabisa hutumia volti 5, na huandikwa kwamba hutoa wati 3 kila upande. Muuzaji atakuambia uvichomeke katika USB ya kompyuta yako. Fanya hesabu kwanza: tundu la kawaida la USB, la aina ya 2.0, limepangwa kutoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5 kwa jumla. Wati 6 zitatoka wapi? Zaidi ya hayo umeme wa USB ya kompyuta una kelele, na kelele hiyo utaisikia ndani ya spika kama mbu kila unapogusa kipanya. Chaja ya simu ya pembeni ni afadhali. Vibao vikubwa kidogo hutumia kati ya volti 12 na 24, na hivyo chaja ya zamani ya kompyuta ya mapajani, yenye volti 19, huvifaa sana. Kwa spika mbili za chumbani mtu hahitaji zaidi. Soma kwanza volti ambazo kibao chenyewe kinakubali. Kibao hakiji na boksi, basi kitengenezee cha mbao au cha plastiki chenye matundu ya hewa, mende na watoto wasikifikie. Na lile katazo la kutounganisha hasi za spika linahusu vibao hivi pia.

WATI ZA UONGO

Katika maduka yetu utaona mashine ya plastiki imeandikwa wati 3000, tena kwa tarakimu za dhahabu, na pembeni kwa herufi ndogo PMPO. Tarakimu hiyo haina maana yoyote ambayo mnunuzi anaweza kuitegemea. Kila mtengenezaji huihesabu apendavyo. Igeuze mashine, soma kibandiko cha nyuma ambapo pameandikwa umeme inaoutumia kutoka ukutani. Ukikuta wati 30, basi haiwezi kutoa sauti ya wati 3000, kama vile debe la maji haliwezi kujaza pipa. Itatoa chini ya hizo 30, maana sehemu hupotea kuwa joto. Wati za kweli huandikwa RMS.

Redio ya gari nayo huandikwa usoni wati 50 mara nne. Kwa betri ya volti 12 na spika ya omu 4, hesabu ya umeme hairuhusu sauti safi kupita wati 18 kila upande, na kwa spika ya omu 8 nusu yake, wati 9. Usivunjike moyo. Spika nyingi za nyumbani hutoa kiasi cha desibeli 88 kwa wati 1 ukikaa umbali wa mita 1, na hiyo tayari ni sauti kubwa katika muzigo wa chumba kimoja. Kuziongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huigundua kwa shida. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Mwenye wati 10 za kweli na spika nzuri humshinda mwenye wati 3000 za karatasi.

OMU, WAYA NA PLAGI

Nyuma ya spika huandikwa omu 4, 6 au 8. Hicho ni kiasi cha ukinzani, na amplifaya nayo huandikwa kiasi cha chini inachokubali. Spika ya omu 8 kwenye amplifaya ya omu 4 ni salama, italia kwa sauti ndogo zaidi tu. Kinyume chake ni hatari: omu zikiwa chache kuliko zilizoandikwa, amplifaya hutoa mkondo mwingi, hupata moto na kufa. Wanaopenda kuongeza spika wajue kwamba spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, huwa omu 4. Mbili za omu 4 zikifungwa hivyo huwa omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazivumilii hapo. Kama maandishi yamefutika, pima kwa mita ya fundi. Mita huonyesha pungufu kidogo: ukisoma kiasi cha 6, hiyo ni ya omu 8, ukisoma kidogo zaidi ya 3, ni ya omu 4. Mita isipoonyesha kitu, huenda koili imekatika, na spika hiyo muachie muuzaji.

Spika iliyotumika ikaguliwe kabla ya kulipa. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Iende na kurudi bila kukwaruza. Tazama ukingo wa sponji unaoizunguka, maana sponji ya miaka ya 1980 huoza na kupukutika. Kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja, chanya kwenye chekundu. Koni ikiruka nje, rangi za vishikio ni sahihi. Ikiruka ndani, zimegeuzwa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini spika mbili zikiwa zimefungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi yote hupotea. Mtu hubaki akilaumu spika nzima.

Kwa waya, ule wa nyuzi mbili wa taa, wa milimita za mraba 0.75, unatosha kwa mita tano. Menya sentimita moja tu, sokota nyuzi, hakikisha hata uzi mmoja haugusi kishikio cha pili.

Usitumie kamwe plagi ya umeme wa ukutani kuwa plagi ya spika, hata kama ndiyo iliyopo. Spika iliyofungwa plagi ya ukutani itachomekwa ukutani siku moja na mtoto, na volti 240 zitaingia katika koili iliyotengenezwa kwa volti chache. Karatasi ya koni hushika moto upesi.

MNGURUMO WA UMEME

Wengi wakishaunga kila kitu husikia mngurumo mzito usiokwisha. Huo ni umeme wa ukutani wenyewe, ambao hapa Uganda hupiga mara 50 kwa sekunde, umeingia katika njia ya sauti kwa sababu kompyuta na amplifaya zimechukua ardhi mahali pawili tofauti. Chomeka vyote viwili katika soketi moja ya kurefushia, weka waya wa sauti mbali na waya za umeme, na mara nyingi mngurumo utapungua au kwisha.

Kamyufu atakuja na dawa yake: atakata mguu wa tatu wa plagi, ule wa ardhi. Ni kweli mngurumo utakoma. Lakini mguu ule ndio unaopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kupita mwilini mwako siku waya wa ndani utakapogusa boksi la chuma, nawe uko pekupeku juu ya saruji yenye unyevu. Mwambie auache. Kama mngurumo umekataa kabisa, redio ya gari inayotumia betri haijui mngurumo huo, kwa kuwa haikuchukua kitu ukutani.

Usambazaji wa umeme ulitoka mikononi mwa kampuni ya Umeme tarehe 31 Machi 2025 na kuingia kwa UEDCL, lakini mkataba kubadilika hakuzuii umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ukikatika, chomoa amplifaya. Ukirudi, ngoja kidogo. Washa kompyuta kwanza na amplifaya mwisho, na unapozima anza na amplifaya. Hivyo ule mlio wa kompyuta inapowaka hautaipiga koni.

Mwenye spika moja tu asisokote waya za kushoto na kulia pamoja ili apate sauti yote. Windows 10 na 11 zina mahali katika mipango ya sauti pa kuchanganya pande zote mbili kuwa moja. Chagua hapo, kisha tumia upande mmoja wa amplifaya.

MASIKIO YA BAADA YA ZAMU

Limebaki jambo ambalo wauza spika hawalitaji. Wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hupungua kwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, na kwa desibeli 100 ni robo saa tu. Vyumba vya mashine za kufuma hupita 90, na wenzetu wa viwanda vya chuma na vya kusagia hawako mbali na hapo. Kwa hiyo mfanyakazi asiyepewa vizibo vya masikio, ambavyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri avitoe pamoja na vifaa vingine vya kujikinga, hufika nyumbani akiwa amekwisha kula fungu lote la siku.

Tena masikio hayo hufika yakiwa mazito. Baada ya kelele ndefu sikio hufifia kwa saa kadhaa, kila kitu husikika kama kiko nyuma ya pazia, na mkono wenyewe huenda kwenye kitufe cha sauti. Spika ya wati 10 katika chumba kimoja inaweza kuifikia kelele ya kiwandani bila shida. Mke na watoto wanaosikia vizuri huziba masikio, na jirani wa zamu ya usiku aliyelala upande wa pili wa ukuta huamka.

Fanya hivi. Siku ya mapumziko asubuhi, masikio yakiwa yamelala usiku kucha bila mashine, fungulia habari za redio kupitia kompyuta mpaka usikie kila neno vizuri, kisha weka alama kwa kalamu kwenye kitufe cha amplifaya. Jioni za kazi usiipite alama hiyo. Na kila baada ya miezi michache, siku ya mapumziko tena, jaribu upya. Ukiona alama ya zamani haitoshi, hali spika ni zile zile na amplifaya ni ile ile, nenda hospitali ukapimwe masikio, uombe majibu kwa maandishi, na nakala moja umpe mwakilishi wa usalama wa kiwanda chako.